Kiwanja Kimoja, Hati Mbili

Laptopu nyingi za Dell za katikati ya miaka ya 2000, hasa za ukoo wa Inspiron na XPS, zilikuwa na vitufe viwili vya kuwashia. Kimoja ni kile cha kawaida. Cha pili ukikibonyeza mashine ikiwa imezimwa, Windows yako haikuamka kabisa; ulifunguka moja kwa moja ukumbi mdogo wa filamu na muziki. DVD inazunguka, nyimbo zinapiga, picha za harusi zinapita moja baada ya nyingine. Programu hiyo iliitwa MediaDirect. HP nao walikuwa na ya kwao, QuickPlay. Enzi zile uliweza kuchemsha chai ukiisubiri Windows XP iamke, kwa hiyo wazo halikuwa baya.

Balaa lilimkuta aliyeigawa diski. Kwetu mtu akipeleka laptopu kwa fundi ili apigiwe Windows upya, swali la kwanza huwa: vitu vyako viko C au D? C itafutwa, D itabaki. Mashine nyingi hutoka kiwandani na C peke yake, basi fundi huikata, upande mmoja wa mfumo, upande mwingine wa picha na kazi za watu. Kazi safi, kila kitu kinakwenda. Kisha siku moja mkono unakigusa kile kitufe cha pili, kwa udadisi tu, na D haionekani tena. Pengine hata C haiamki.

Kitufe cha kuchezea muziki kina uwezo gani wa kubomoa nyumba? Hakikubomoa kitu. Picha zote bado zilikuwa palepale zilipokuwa jana.

Mafundi husema patisheni, nami nitasema hivyo hivyo. Neno kizigeu lingenoga zaidi masikioni, ila lingetudanganya: kizigeu cha mbao au cha pazia kimo chumbani, unakigusa, ukikigonga kinatoa sauti. Ndani ya diski hakuna ukuta wa namna hiyo. Ukiifungua na kuichungulia sahani yake inayong'aa kama kioo, huoni C inapoishia wala D inapoanzia. Mfano ulio karibu ni wa kiwanja ambacho hakijajengwa uzio. Ardhi ni moja, majani yameota yale yale huku na huku. Kinachosema hapa ni pa Juma na pale ni pa Asha ni daftari lililoko ofisini. Diski nayo ina daftari lake, na ni dogo kuliko unavyodhani.

Chukua diski inayouzwa kama ya GB 160. Kwa kawaida ina sekta 312,581,808, kila moja ya baiti 512, zimepewa namba kuanzia sifuri. Sekta namba 0 ndiyo ofisi ya ardhi. Baiti zake 446 za mwanzo zimeachwa kwa msimbo wa kuamshia mashine, 2 za mwisho ni muhuri, na katikati yake zimebaki 64. Hizo 64 ndizo daftari lote: mistari minne, kila mstari baiti 16. Mstari unaeleza patisheni inaanzia sekta ipi, ina sekta ngapi, ni ya aina gani, na kama ndiyo ya kuamshwa. Utaratibu huu ulikuja na PC DOS 2.0 mwaka 1983, pamoja na kompyuta ya IBM XT iliyokuwa na diski ya MB 10. Kugawa MB 10 mara nne kulitosha na kuzidi, na hakuna aliyefikiri kwamba robo karne baadaye watu watakuwa bado wanabanana katika mistari ile ile minne.

Baiti ya aina ndiyo yenye miujiza. Ikiandikwa 07, Windows inajua ni nyumba yake. Ikiandikwa 83, ni ya Linux. DE ilitumiwa na Dell kwa patisheni ndogo ya vipimo vya mashine. Badilisha baiti hiyo moja, weka namba ambayo Windows haina habari nayo, na nyumba nzima inatoweka machoni pake pamoja na waliomo. Hapana kilichohamishwa. Patisheni nyingi za siri za kiwandani zilifichwa kwa ujanja huu tu.

Sasa tazama diski ya Dell ya enzi ya Windows Vista ikitoka kwenye boksi. Mstari wa kwanza: vipimo. Wa pili: nakala ya kurejeshea mfumo, kama GB 10. Wa tatu: C. Wa nne: patisheni ya aina ya pekee, tuiite patisheni mama, ambayo ndani yake unaweza kupanga nyingine ndogondogo kwa mnyororo, kila moja ikimtaja anayefuata, na humo, mwisho kabisa wa diski, ndimo MediaDirect ilimokaa. Mistari minne imejaa kabla mnunuzi hajaweka wimbo hata mmoja. Ukiiomba Windows ikuongezee patisheni ya kawaida inakataa, na wengi walidhani diski ni mbovu.

Huo ndio mpangilio wa baadaye, na ulikuwa na unyoofu wake: kila kitu kimo daftarini. Baadhi ya matoleo ya awali yalifanya jambo la kijanja zaidi, na mimi nadhani la hatari zaidi. Diski za viwango vya ATA zinajua kudanganya kuhusu ukubwa wao. Kuna amri ya kuiuliza diski ina sekta ngapi, na kuna amri nyingine ya kuiuliza sekta yake ya mwisho kabisa ni ipi, na majibu si lazima yafanane. Kiwanda kinaweza kuiambia: kuanzia leo ukiulizwa, punguza. Kipande kinachobaki nyuma ya jibu hilo la uongo wahandisi hukiita HPA, na MediaDirect ya awali ilikaa humo. Daftari halikukitaja, Windows haikukiona. Mwenye mashine naye hakushtuka, kwa kuwa alikwisha kuzoea kwamba diski iliyoandikwa GB 160 Windows huionyesha kama 149, maana muuzaji huhesabu kwa makumi na Windows huhesabu kwa nguvu za mbili. Upungufu mmoja ukajificha nyuma ya mwingine.

Lakini kama daftari halikukitaja, kitufe kilikipataje? Hapa ndipo hati ya pili inapoingia. Kwa desturi ya miaka ile patisheni ya kwanza ilianzia sekta ya 63. Kati ya ofisi ya ardhi na kiwanja cha kwanza kulibaki sekta 62 zisizo na mwenyewe, kichochoro ambacho programu za kugawa diski ziliruka bila kukitazama. Kichochoroni humo Dell waliacha karatasi yao, yenye kumbukumbu ya mahali na ukubwa wa lile eneo la siri. Msimbo wa pekee katika sekta namba 0 ulitambua ni kitufe kipi kimebonyezwa. Kikiwa cha pili, uliisoma karatasi ile na kulisahihisha daftari kuu ili MediaDirect ionekane na iamke.

Mashine ikiwa kama ilivyotoka kiwandani, karatasi mbili zinasema jambo moja. Gawa diski upya, na daftari kuu linabadilika huku karatasi ya kichochoroni ikibaki na habari za zamani. Hata kufomati C hakuigusi, kwa sababu kufomati hushughulikia kiwanja, na kichochoro si kiwanja cha mtu. Anayebonyeza kitufe anaiamsha hati ya zamani, nayo inaandikwa juu ya mpya. Aliyewahi kununua kiwanja akakuta kina mwenyewe mwingine, mwenye karatasi yenye mhuri vilevile, ataelewa bila kuchorewa picha.

Linux iliingia katika mkasa huu kwa mlango wake. Kwa nyakati tofauti kiini chake kiliwekwa kiipuuze HPA na kuichukua diski yote, kwa nia njema kabisa: mali ni yako, kwa nini ufichwe? Matokeo yake mtu aliweza kuisakinisha Linux hadi sekta ya mwisho, akiwa juu ya MediaDirect bila kujua. Zaidi ya hapo GRUB, programu inayokuuliza asubuhi uamshe mfumo upi, nayo ilikipenda kichochoro kile kile cha sekta 62 na kutandika sehemu yake humo. Wapangaji wawili katika uchochoro mmoja, na hakuna aliyejua mwenzake yupo.

Aliyetaka vyote, D yake na kitufe chake, aliweza kuvipata, ila ilimbidi agawe kama mpima ardhi. Mwanzo wa diski usiguswe. Mwisho wa diski usiguswe. Kilichobaki ni katikati, nako mkato mmoja tu ndio salama: kuisogeza ncha ya kulia ya C irudi nyuma, mwanzo wake ukae palepale. Pengo linalofunguka ndipo D inapojengwa. Kwenye mpangilio wa Vista hilo lilimaanisha kuipanua patisheni mama kuelekea kushoto na kuijenga D ndani yake, mbele ya MediaDirect. Mwanzo wa C una uzito wake: Vista huikumbuka patisheni yake kwa alama ya diski pamoja na mahali inapoanzia, hivyo ukiisogeza hata kidogo inaamka na kuulizia kwao. Windows XP ilikuwa na tabia tofauti. Faili lake la boot.ini lilihesabu: amsha patisheni ya pili. Ukichomeka nyingine mbele yake, ya pili inakuwa ya tatu, na asubuhi mashine inabisha mlango wa jirani.

Vista ndiyo iliyoleta uwezo wa kuipunguza C bila programu ya pembeni, na wengi walishangaa kuona inagoma katikati ya safari. Nafasi ipo tele, lakini inasema haiwezi kupungua zaidi. Sababu huwa faili zisizohamishika wakati mfumo uko macho: faili la kumbukumbu ya ziada, faili la usingizi linalobeba RAM nzima, na vipande vya orodha kuu ya NTFS, mfumo ambao Windows hupangia faili zake. Faili moja lililokaa katikati ya diski linatosha kuuzuia mpaka. Mafundi wajuzi huuzima usingizi na kumbukumbu ya ziada kwanza, hupunguza C, kisha huviwasha tena.

Ilikuwa pia lazima kuiacha sekta namba 0 na msimbo wake. Amri ya fixmbr, ambayo mafundi huipiga kama panadoli kila mashine inapokataa kuamka, huweka msimbo wa kawaida wa Windows mahali pa ule wa Dell. Daftari halidhuriki, lakini mwenye kukitambua kitufe cha pili ameondoka, na kuanzia hapo vitufe vyote viwili vinaamsha Windows. Kwa wengi hiyo ilikuwa nafuu kuliko hasara. Aliyetaka kuanza upya kabisa alitakiwa kufuata mpangilio wa kiwandani: kuwasha kwa diski ya MediaDirect kwanza ili ijikatie sehemu yake, Windows baadaye, kisha programu yenyewe ya MediaDirect ndani ya Windows. Waliotanguliza Windows walirudia kazi.

Na kinga ya yote haya ilikuwa ndogo kiasi cha kuchekesha. Sekta 63 za mwanzo, daftari pamoja na kichochoro, ni baiti 32,256. Picha moja ya simu ni kubwa kuliko hapo mara nyingi. Ukizinakili kwenye flashi kabla ya kugusa chochote, hati zote mbili unazo mkononi. Asiyenakili alibakiwa na TestDisk, programu ya bure inayopita juu ya diski sekta kwa sekta ikitafuta vizingiti vya nyumba: NTFS huweka nakala ya sekta yake ya kwanza mwishoni mwa patisheni yake, na kizingiti kikionekana mpaka unajulikana, daftari linaandikwa upya, na picha za harusi zinarudi.

Leo daftari la baiti 64 limestaafu kwenye mashine nyingi. Mrithi wake, GPT, kwa kawaida ana mistari 128, hujiandika mara mbili, mwanzoni na mwishoni mwa diski, na kila nakala ina hesabu ya kuthibitisha kwamba haijaharibika. Zikitofautiana, iliyoharibika inajulikana. Kwenye SSD hata mfano wangu wa kiwanja unaanza kuyumba, kwa sababu chipu yenyewe huhamisha data ndani kwa ndani ili seli zisichakae upande mmoja. Sekta zinazofuatana kwa namba zinaweza kukaa mbalimbali kama ndugu walioolewa mikoa tofauti.

Vyumba vya kiwandani havikwisha, hata hivyo. Januari 2024 Microsoft ilitoa sasisho la Windows 10, namba KB5034441, likagoma kwenye kompyuta nyingi kwa sababu patisheni ya siri ya kurekebishia mfumo, ambayo wenye mashine hawakuwahi kuisikia, ilikuwa ndogo mno. Maelekezo yalikuwa kuikata C na kuiongezea jirani yake MB 250, kwa amri za kuandika kwa mkono. Watu wa kawaida, waliotaka kuandika barua tu, wakaambiwa wawe wapima ardhi.

Zile Inspiron za vitufe viwili zinaweza kuwa bado zinazunguka katika mitumba, diski imefomatiwa mara tano na wamiliki watano. Fundi anayeipokea moja ana kazi ya dakika chache kabla ya kupiga chochote: aulize diski sekta yake ya mwisho kabisa ni ipi, alinganishe na ile inayotangazwa, arudishe kilichofichwa kama hakuna anayekihitaji, kisha azijaze sifuri sekta 63 za mwanzo, ofisi pamoja na kichochoro. Ndipo agawe C na D apendavyo, apige Windows, azime mashine, na akibonyeze kitufe cha pili yeye mwenyewe, mteja akiwa bado yuko kwenye benchi.