Je, Wajua? Nyoka ambaye msitu wake hautajwi

Nyanda za Juu Kusini, ukanda unaojumuisha Mbeya na Iringa, zina nyoka ambaye makao yake hayatangazwi kwa makusudi. Ni Atheris matildae, nyoka wa mitini mwenye sumu, mweusi mwenye michirizi ya manjano, na juu ya kila jicho magamba yamesimama kama pembe. Hufikia takriban sentimeta 60.

Alitambulishwa kisayansi mwaka 2011. Watafiti walificha mahali alipopatikana, kwa kuwa wafugaji wa nyoka wa nchi za nje huzitamani mno spishi ngeni, na msitu wake mdogo ulikwisha kuharibiwa kwa mbao na mkaa. Wakaanzisha pia kundi dogo la kufugwa, wakikusudia kutoa bure watoto wa mwanzo ili wafugaji wasiwafuate wa porini. Ulikuwa uamuzi wa busara. Nyoka wa mahindi wa Marekani, asiye na sumu, ni ushahidi: huzaliana kwa urahisi kizimbani, hivyo wengi wanaouzwa hawajawahi kuishi porini.

Nchini Tanzania, kumiliki mnyamapori bila kibali ni kosa kisheria.