Makutano: Jina la Barabara katika Nchi ya Mito

Makala haya yanadhamiria kuchunguza jina la mahali ambalo msomaji yeyote wa Kiswahili hulielewa papo hapo na, aghalabu, huliacha lipite bila kulihoji. Msafiri atokaye Thika kuelekea Embu huiacha barabara ya Nyeri mahali paitwapo Makutano, ukingoni mwa nyanda za Mwea, si mbali na mto Tana. Akipita Embu, Runyenjes na Chuka hadi Meru, kisha akashika njia ya Nanyuki, huyapata Makutano mengine. Jina hili lipo pia Kapenguria, katika nchi ya Wapokoti. Swali letu ni hili: imekuwaje eneo lenye mito mingi kiasi hiki, ambalo wenyeji wake ni Waembu, Wambeere na Wameru, likawa na vituo vyenye jina la Kiswahili lisilotaja mto hata mmoja?

Kimofolojia jina lenyewe ni jepesi. Kitenzi ni kuta, yaani kupata au kufikia kitu. Kwa kiambishi cha kutendana twapata kutana. Kisha kiambishi ma- na kiishio -o hutupa nomino. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili ya Union Version wanalijua neno hili kwa maana nyingine, ya umati wa watu unaomfuata mhubiri. Maana hiyo, ingawa haikukusudiwa na walioyapa majina vituo hivi, yalingana vyema na hali ya mahali penyewe siku ya soko. Hata hivyo, kilichokutana hapa kwanza ni barabara, na watu wakafuata.

Ili kuelewa uzito wa jambo hili, sharti tuitazame ardhi. Mlima Kenya humwaga maji yake pande zote kama paa la msonge. Upande wa kusini na mashariki, mito iliyochimba mabonde yenye kina huteremka ikiwa imetenganishwa na migongo mirefu ya ardhi: Thiba, Nyamindi, Rupingazi, Ena, Thuci, Nithi, Mutonga, Kathita. Yote huishia katika Tana. Watu wa zamani walikaa juu ya migongo hiyo. Ukoo ulishika mgongo wake, na shamba likateremka kutoka kileleni hadi majini, ili kila nyumba ipate udongo mwekundu wa juu na unyevu wa bondeni. Safari ya kawaida ilikuwa ya kupanda au kushuka: juu kwenye msitu, chini kwenye nyanda za joto za Mbeere na Tharaka, ambako mtama na mbuzi vilibadilishwa na mazao ya nchi ya baridi. Kuvuka mto lilikuwa jambo la kuingia kwa wengine. Hadi leo mto Thuci ndio mpaka wa Embu na Tharaka Nithi.

Lugha za hapa nazo zimeuhifadhi mto kwa namna inayostahili kuzingatiwa na mwanafunzi wa isimu. Mji wa Embu umekaa baina ya mito miwili, Rupingazi na Kapingazi. Wa pili ni mdogo, nao huingia katika wa kwanza. Tazama viambishi: ru- kwa mkubwa, ka- kwa mdogo, na shina lile lile. Anayejua kwamba ka- ni kiambishi cha udogo, ambacho Kiswahili sanifu hukitumia kwa nadra sana kwa kuwa ki- imechukua kazi yake, atatambua mara moja ni mto upi unaoumeza mwenziwe bila kutazama ramani. Hapo ndipo penye makutano ya kweli, ya maji kwa maji, na jina lake limo ndani ya sarufi. Vivyo hivyo, neno ruuji kwa Kimeru ni maji, ilhali neno la nasaba moja nalo, rui, kwa Kikuyu ni mto. Mababu hawakuona haja kubwa ya kuvitenga vitu hivyo viwili.

Kiswahili kilipandaje huku? Misafara ya biashara kutoka pwani ilipita pembezoni mwa nchi hii katika karne ya 19, lakini kukita mizizi ni jambo la utawala wa kikoloni. Waingereza waliweka kituo Embu mwaka wa 1906 baada ya kuwashambulia Waembu kwa silaha. Mwaka wa 1908 Edward Horne, ambaye Wameru walimwita Kangangi, alifungua kituo cha Meru. Pamoja na bendera walikuja askari, makarani na wachuuzi, na lugha iliyowaunganisha ilikuwa Kiswahili. Ndipo Meru ikapata mtaa wa Mjini, na Embu mtaa wa Majengo. Majina haya, kama Makutano, hayana ukoo. Yangeweza kuwa popote. Mwenye asili ya Mbeere, Mkamba mwenye duka na dereva kutoka Nairobi wote huyatamka bila mmoja wao kuwa mgeni. Kwa maoni ya mwandishi, hilo si dogo katika nchi ambamo majina ya mahali yamewahi kuchochea ugomvi wa mipaka. Makutano ya Mwea yenyewe yalikuwa ndani ya Wilaya ya Embu hadi Kirinyaga ilipotengwa mwaka wa 1963, na jina halikuhitaji kubadilishwa.

Lakini barabara iliyolileta jina iligeuza ardhi ubavu. Badala ya kufuata mgongo, hiyo huikata migongo yote, ikitumbukia katika kila bonde na kupanda tena. Gharama ya kuvuka huonekana zaidi kwenye daraja la mto Nithi, ambako kona kali na mteremko mrefu vimeua wasafiri mara nyingi. Tarehe 24 Julai 2022 basi lilitumbukia pale na watu zaidi ya 30 wakafa.

Kijiji nacho kikagawanyika. Kahawa, ambayo Waafrika wa Meru na Embu waliruhusiwa kuipanda katika miaka ya 1930, huhitaji maji mengi ya kumenyea na kuoshea, hivyo viwanda vya ushirika vilijengwa bondeni, kando ya vijito. Maduka, makanisa na vituo vya matatu vikapanda barabarani. Mkulima hushuka mtoni na gunia la kahawa na hupanda barabarani kutafuta unga. Bei ya kahawa ilipoanguka, wengi waliacha kushuka. Ukingo wa mto ukabaki kuwa uani, mahali pa kupanda mikaratusi inayokua upesi na kunywa maji kwa wingi, hata serikali ikaagiza mwaka wa 2009 ing'olewe kandokando ya mito.

Huku chini maji hayo hayo yana wenyewe wengi. Mifereji ya mpunga ya Mwea, iliyochimbwa kuanzia miaka ya 1950 kwa nguvu za wafungwa wa Hali ya Hatari, huchota Thiba na Nyamindi. Bwawa la Thiba liliongezwa mwaka wa 2022. Kapingazi huingia Rupingazi, Rupingazi huingia Thiba, nayo Thiba humwagika katika bwawa la Kamburu, lililokamilika mwaka wa 1974, na kuzungusha mitambo ya umeme kabla Tana haijaendelea hadi Kipini, pwani ya Waswahili. Sheria ya Maji ya mwaka wa 2002 iliwapa wakazi nafasi ya kuunda vyama vya watumiaji wa maji. Vyama hivyo havikuchukua majina ya vituo vya barabarani. Kinachosimamia bonde linalopakana na mji wa Embu kinaitwa Kapingazi.