Hodi Angani

Mtu akibisha hodi mlangoni hapa Mtendeni, mjini Tabora, akaulizwa ni nani naye akajibu "mimi", jawabu lake huwa si jawabu, kwa kuwa kila mwenye ulimi ni "mimi" kwa nafsi yake, na mwenye nyumba hubaki ameshika komeo akingoja jina, na baada ya jina akingoja ukoo, na pengine baada ya ukoo akingoja kusikia mgeni ametoka wapi, ndipo mlango ufunguliwe. Adabu hii, waliyoishika wazee wetu katika mji uliokulia njiani na uliozoea wageni kuliko miji mingi ya bara, ndiyo hiyo hiyo iliyofanywa kuwa sharia ya mataifa katika anga, kwa watu wa redio ya ridhaa. Hao ni watu wenye kazi zao nyingine, walimu, matabibu, mafundi na wakulima, ambao kwa mapenzi ya ilmu tu, bila mshahara wala biashara, huunda au hununua mitambo ya kupeleka na kupokea sauti, wakaitana kutoka nchi hadi nchi usiku na mchana. Kila mmoja wao hupewa na serikali yake jina la mwito, lililofumwa kwa herufi na tarakimu, lisilo na mfano wake duniani kote. Na mawasiliano yoyote asiyoyatia jina hilo ni kosa mbele ya sharia.

Sehemu ya kwanza ya jina hilo hutaja nchi, na migawo yake husimamiwa na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ambao asili yake ni mkutano wa Paris wa mwaka 1865, zama za simu za waya. Tanzania ina fungu linaloanzia 5HA na kuishia 5IZ; Kenya ina 5Y na 5Z, Uganda 5X, Rwanda 9X, Burundi 9U, na jirani zetu wa Kongo aghalabu hujulikana kwa 9Q. Baada ya alama ya nchi huja tarakimu, na baada ya tarakimu herufi za mwenyewe, ambazo ni zake peke yake. Bara imejulikana kwa muda mrefu kwa 5H3, na Unguja kwa 5H1.

Haikuwa hivyo tangu awali. Zama za ukoloni Tanganyika ilikuwa VQ3, Unguja VQ1, Kenya VQ4 na Uganda VQ5, zote zikiwa ndani ya fungu lililowekewa makoloni ya Uingereza, hata mtu aliyesikia mwito kutoka Tabora alijua kwanza mtawala ni nani kabla ya kujua nchi ni ipi. Uhuru ulipokuja bendera ilibadilishwa mbele ya macho ya watu na wimbo ukabadilishwa masikioni mwao, lakini jina la angani lilibadilishwa bila ngoma wala hotuba, na wachache tu walijua kwamba nchi imepata hodi yake yenyewe. Katika alama za Morse, tarakimu 5 ni nukta tano, herufi H ni nukta nne, na tarakimu 3 ni nukta tatu zikifuatwa na mistari miwili. Tano, nne, tatu: jina la nchi hushuka kama mtu anayeteremka ngazi, kisha husimama juu ya miguu miwili. Sijui kama yuko aliyekusudia mpango huo, lakini sikio lililozoea haliwezi kuukosea hata katikati ya mvumo wa radi za masika.

Watu wa njia ya misafara, iliyopita hapa Tabora zamani, wangelielewa jambo hili la jina kutangulia upesi kuliko sisi. Hamed bin Muhammed el Murjebi, ambaye baba yake alikuwa mkazi mashuhuri wa Unyanyembe, yaani hapa hapa Tabora, hakutangulizwa na jina alilopewa na wazazi, bali na lakabu ya Tippu Tip, ambayo kwa maelezo yake mwenyewe ilitokana na mlio wa bunduki zake. Sauti hiyo ilifika kijijini kabla ya mwenyewe kufika, na walioisikia walijua ni nani anayekuja na kwa haja gani, na wengi wao walikimbia. Mtyela Kasanda wa Urambo naye alijulikana kwa jina la Mirambo, lenye maana ya maiti nyingi. Majina hayo yalikuwa miito ya kutisha, yaliyopatikana kwa pembe za ndovu, kwa vita na kwa biashara ya watu, nami sitaki kuyapamba. Tofauti ya jina la redio ni kwamba halimpandishi mtu wala halimshushi. Sultani Qaboos wa Oman, aliyetawala tangu mwaka 1970 hadi kufa kwake Januari 2020, na ambaye raia wake wengi huko Maskati husema Kiswahili majumbani mwao hadi leo, alikuwa mtu wa redio ya ridhaa, na jina lake la mwito lilikuwa A41AA. Mwanafunzi mwenye leseni katika nchi nyingine yoyote angeweza kumjibu kwa jina hilo, herufi kwa herufi, bila kutanguliza cheo.

Sasa tuje kwenye mitambo. Mawimbi yanayopendwa na watu wa redio za mkononi, ambayo katika Afrika na Ulaya huwekwa baina ya megahezi 144 na 146, yana tabia ya kwenda karibu na mstari mnyofu kama mwanga wa taa. Yakifika upeo wa macho, ambapo ardhi huanza kuinama, huendelea kwenda angani na kumwacha aliye nyuma ya upeo hasikii kitu. Mtu mzima aliyeshika redio kifuani ana upeo wa redio wa kilomita 5 hivi, na mwenziwe vivyo hivyo, basi uwandani wawili hao wakiachana zaidi ya kilomita 10 wamepotezana; na katika miombo ya Unyamwezi, ambako majani na magogo hula sauti, hupotezana mapema zaidi. Wapo wanaodhani kwamba Tabora, kwa kuwa iko mita 1,200 juu ya bahari, ina nafuu katika jambo hili. Haina, kwa sababu aliye Tabora na aliye pembezoni wote wamepanda uwanda mmoja. Kimo chenye faida ni kile kinachozidi cha jirani.

Dawa ya maradhi haya ni mtambo wa kurudia, ambao mafundi huuita ripita. Aliyewahi kuswali katika jamaa kubwa, kabla ya vipaza sauti kuenea, anamkumbuka yule mtu aliyesimama safu za kati, ambaye imamu alipotoa takbira naye aliirudia kwa sauti kuu ili walio nyuma, na walio nje barazani, warukuu pamoja na wenzao. Mtu yule hakuongeza neno wala hakupunguza, na hakujifanya imamu. Kazi yake ilikuwa kusikia vizuri na kurudia vizuri. Mtambo wa kurudia hufanya hayo hayo juu ya mlima au mnara: husikia sauti dhaifu ya redio ya mkononi, na papo hapo huirusha upya kwa nguvu kubwa zaidi. Antena yake ikiwa mita 100 juu ya nchi iliyo tambarare, upeo wake ni kilomita 41 hivi, basi mmoja akiwa upande wa mashariki na mwingine magharibi, kila mmoja kilomita 40 na ushei kutoka mnarani, watasemezana ilhali baina yao mna kilomita zaidi ya 80 za pori.

Ugumu wake uko mahali ambapo mtu asiyejua hapatazamii. Mtambo huu husikia na kusema kwa wakati mmoja, na mara nyingi kwa antena moja, kwa hiyo ni kama mtu anayetakiwa kupaza sauti kwa pumzi zake zote huku akisikiliza mnong'ono wa aliye ng'ambo ya mto. Hila ya kwanza ni kutenganisha masafa: husikia kwa masafa moja na kusema kwa mengine, na kwa kaida ya upande wetu wa dunia tofauti yao ni kilohezi 600, mathalan kusikia katika 145.000 na kusema katika 145.600. Lakini tofauti hiyo ni ndogo mno kwa jirani anayepiga kelele, basi huja hila ya pili, ambayo mimi huiona kuwa ndiyo uzuri wa mtambo wote: huwekwa vyombo vya chuma vya duara, virefu kama mitungi ya gesi, vitupu ndani isipokuwa fimbo moja katikati, na kila kimoja hurekebishwa kwa urefu wa fimbo yake mpaka kikakubali masafa moja na kukataa mengine, kama chupa inavyovumia sauti moja tu ukipuliza mdomo wake. Mitungi hiyo haina umeme wake wenyewe wala sehemu inayotembea, nayo ndiyo huliziba sikio la mtambo lisiharibiwe na kinywa chake. Hila ya tatu ni mlio wa chini kabisa, kama wa hezi 88.5, ambao redio ya msemaji huuchanganya na sauti yake. Mtambo husikia mlio huo kama nenosiri, na usipousikia haufungui mlango, hata kama kuna ngurumo za kila namna hewani.

Na mtambo wenyewe, ingawa hauna roho, hausameheki adabu ya hodi. Nao una jina la mwito, na kila baada ya dakika chache hulitaja, aghalabu kwa Morse, ili asikiaye ajue ni mtambo gani na ni wa nani.

Mji wa Tabora ulikwisha kuifanya kazi hii ya kurudia kwa miongo mingi kabla ya redio. Wasafiri Waingereza Burton na Speke waliondoka pwani katikati ya mwaka 1857 wakafika hapa, palipoitwa Kaze, mwezi wa Novemba, nao walikuta yale yale yaliyowakuta wengine: mizigo ya pwani ilitua, wapagazi walilipwa, wapya waliandikwa, na msafara ulioingia ukiwa umechoka ulitoka ukiwa na nguvu mpya, kwenda Ujiji au kwenda Karagwe. Mbali zaidi ya Ujiji, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, njia ya Tippu Tip iliishia katika maporomoko ya mto Kongo, ambako mwaka 1887 alifanywa liwali kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji. Mahali hapo leo ni mji wa Kisangani.

Nimeutaja Kisangani kwa sababu. Tarehe 15 Novemba 2018 ilirushwa kutoka Florida setilaiti ya Katari iitwayo Es'hail-2, ya matangazo ya televisheni, na ndani yake mkatiwa, kwa juhudi za watu wa redio ya ridhaa wa Katari na wa Ujerumani, mtambo wa kurudia sauti kwa ajili ya wenzao wote. Ndio wa kwanza wa namna yake kusimama mahali pamoja angani bila kuhama, ukiwa kimo cha kilomita 36,000 hivi juu ya mstari wa Ikweta, katika nyuzi 25.9 za mashariki. Ukichukua ramani ukaweka kidole juu ya nukta hiyo, utakuwa umekiweka karibu kabisa na Kisangani. Mtambo huu wa kurudia umesimama, bila kukusudiwa, juu ya mwisho wa njia ya misafara. Na kwa aliye Tabora uko karibu na utosi, nyuzi 80 kutoka ardhini, umeegemea kidogo kaskazini-magharibi. Hupokea katika megahezi 2,400 na kurudia katika 10,489.5 hadi 10,490, na tofauti na mtambo wa mnarani, ambao huruhusu msemaji mmoja tu kwa wakati mmoja, huu hubeba wengi sambamba, kutoka Brazili hadi Thailand. Sauti huchukua robo ya sekunde kupanda na kushuka, hata mwenye kujisikiliza hukuta maneno yake yakimrudia kama mwangwi wa jabali.

Chombo cha kwanza cha angani cha watu wa ridhaa, OSCAR 1, kilirushwa tarehe 12 Disemba 1961, siku tatu tu baada ya Tanganyika kupata uhuru wake. Kilikuwa na uzito usiofika kilo 5, na hakikuweza kurudia sauti ya mtu, bali kulia nukta nne na nukta mbili kwa muda wa majuma matatu. Umri wa nchi na umri wa ufundi huu ni mmoja. Hata hivyo majina ya 5H yanayosikika angani ni machache, na mengi katika hayo kwa miaka mingi yamekuwa ya wageni waliokuja kwa kazi za hospitali, za umisheni au matembezi tu, wakaomba ruhusa ya kutumia jina letu kwa majuma machache. Siwalaumu, wamelitunza jina vizuri. Lakini jina la nyumba halipendezi likitamkwa na wageni peke yao.

Leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na masharti yake ni ya kiungwana: kujua kanuni, kujua hatari za umeme na za antena, kutofanya biashara, kutosema kwa maneno ya siri, na kutaja jina lako. Kusikiliza setilaiti hakuhitaji zaidi ya dishi la kawaida la televisheni lenye upana wa sentimita 80 hivi, pamoja na kipokezi kidogo cha kuchomeka kwenye kompyuta. Walimu wa fizikia wa Shule ya Wavulana ya Tabora, alikosoma Julius Nyerere, na wa Shule ya Wasichana, na ninyi mafundi wa madishi mnaopanda mapaa ya mji huu kila siku: siku moja lielekezeni dishi nyuzi 25.9, sikilizeni usiku kucha, na mtakapomsikia mtu akiita Afrika Mashariki bila kujibiwa, shikeni vitabu, fanyeni mtihani, mkamjibu kwa 5H.