KWA NINI CHAMA HUMKINGIA KIFUA MTUHUMIWA?

Katika mdahalo wetu wa muhula huu mwenzetu mmoja aliuliza swali ambalo halikupata jibu mpaka kengele ikalia: Ikiwa kila chama cha siasa husema kinachukia rushwa, mbona kiongozi wake akituhumiwa humkingia kifua? Nitajaribu kulijibu hapa kwa mambo yaliyotokea kwetu Bukoba na Muleba.

Natuanze na mfano mdogo. Tuseme sukari ya bweni imepungua na kiranja anashukiwa. Bweni hilo linashindania ngao ya nidhamu. Je, wakazi wake watakwenda kwa mwalimu? Wengi watanyamaza, na atakayesema ataitwa msaliti kabla kiranja hajaulizwa neno. Chama cha siasa ni bweni kubwa, na ngao yake ni serikali.

Sasa tuje mjini Bukoba. Mwaka 2013 baadhi ya madiwani walilalamikia namna miradi ya Manispaa ilivyoendeshwa, ukiwamo ule wa soko, chini ya Meya, Bwana Anatory Amani wa CCM. Walitaka aondolewe, yeye alikana tuhuma. Mwezi wa Agosti mwaka huo, Halmashauri Kuu ya CCM ya Mkoa wa Kagera iliwafukuza uanachama madiwani wanane wa chama hicho hicho waliompinga. Angalieni vema: waliolalamika ndio waliohukumiwa kwanza.

Hapo tunaiona sababu ya kwanza. Kwa sheria zetu, mtu hawezi kugombea udiwani au ubunge bila kupitia chama, na akipoteza uanachama hupoteza na kiti. Basi diwani akitaka kumshitaki mkubwa wake hana budi kujiuliza kama yu tayari kurudi nyumbani. Wengi hawako tayari.

Sababu ya pili ni hofu ya aibu. Viongozi wa chama hudhani kwamba wakikiri kosa la mmoja, wapinzani watalitangaza kuwa kosa la wote. Kwa hiyo huona afadhali kuficha moshi kuliko kuzima moto.

Sababu ya tatu ni kura. Mwaka 2014 Bunge lilijadili fedha za akaunti ya Tegeta Escrow. Profesa Anna Tibaijuka, Mbunge wa Muleba Kusini na Waziri wa Ardhi, alitajwa kuwa alipokea shilingi bilioni 1.6. Yeye alieleza kwamba fedha hizo zilikuwa mchango kwa ajili ya shule. Tarehe 22 Desemba Rais Kikwete alimwondoa katika uwaziri. Lakini mwaka 2015 CCM ilimsimamisha tena Muleba Kusini, naye akashinda. Chama hupima hasara na faida: mtu anayependwa na watu wake ni vigumu kumwacha. Nasi wapiga kura tusijitoe katika lawama, maana chama hufuata tunakoelekea.

Wala msidhani kwamba hii ni tabia ya chama kimoja. Mwaka 2007 CHADEMA walimtaja hadharani Bwana Edward Lowassa katika orodha ya watuhumiwa wa ufisadi. Mwaka 2015 alipohama CCM, walimpokea na kumfanya mgombea wao wa Urais. Lawama za jana zilifunikwa na tumaini la ushindi.

Ipo sababu ya nne, nayo ni ya haki. Mtuhumiwa si mkosaji mpaka ithibitike. Tuhuma yaweza kuwa fitina ya mtu anayekitaka kiti. Chama kikimtupa kila anayesingiziwa, hakuna mtu mwema atakayekubali uongozi. Lakini kumpa mtu nafasi ya kujitetea ni jambo moja, na kumziba mdomo anayeuliza ni jambo lingine.

Je, mambo ya Bukoba yaliishaje? CCM Taifa haikukubali kufukuzwa kwa wale madiwani wanane. Kisha Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali akafanya ukaguzi maalumu. Taarifa yake iliposomwa Bukoba Januari 2014 ilionyesha kasoro katika miradi, na Meya akatangaza kujiuzulu, ingawa mvutano haukuisha siku ile ile. Katika uchaguzi wa 2015 kiti cha ubunge cha Bukoba Mjini kilikwenda kwa Bwana Wilfred Lwakatare wa CHADEMA. Sidai kwamba ugomvi huo peke yake ndio ulioleta matokeo hayo, lakini ni wazi kwamba kuwafukuza waliouliza hakukukiokoa chama.

Fundisho ni hili. Watu wa bweni moja hawawezi kuhesabu sukari yao wenyewe na wote wakaridhika. Anahitajika mtu wa nje mwenye daftari. Ndiyo maana mkaguzi, mahakama na magazeti ni rafiki wa chama chema, si adui zake. Tangu siku za TANU mwanachama aliahidi kwamba rushwa ni adui wa haki. Ahadi hiyo ni nyepesi kwa adui aliye upande wa pili. Uzito wake huonekana adui anapokuwa amekaa nasi meza moja.

Wenzangu, wengi wetu tutapiga kura kabla ya miaka mingi kupita, na baadhi yetu tutaongoza. Tukumbuke kwamba mchelea mwana kulia hulia yeye.