Kusafiri na Nyumba Mapema: Wazimu au Werevu?

Katika kila mchezo wa akili kuna njia iliyozoeleka, na hakosi mmoja wa kuiacha njia akapita vichakani. Akishinda tunasema amebahatika. Akishindwa tunasema, si tulimwambia! Makala haya yanataka kuonyesha kwamba hukumu hizo zote mbili ni za haraka, na kwamba mbinu ya ajabu ina namna yake ya kupimwa.

Hapa Isiolo si wote tuliozaliwa na bao. Mwenzetu aliyelelewa karibu na wazee wa Kisomali huenda aliijua shax kwanza, ule mchezo wa kupanga vijiwe kwenye mistari iliyochorwa mchangani. Lakini chama chetu hucheza bao la Kiswahili, kwa mashimo tuliyochimba ardhini na vijiwe 64 vya kuokota. Muhula uliopita bao hilo lilitugawa mafungu mawili. Msichana mmoja wa Kidato cha Pili alikuwa na mtindo wa kusafiri na nyumba yake mapema, na alikuwa akiwashinda watu. Ilipofika siku ya kuchagua wa kutuwakilisha katika mashindano ya madarasa, nusu ya wanachama walimtaka. Nusu nyingine walisema, "Huyo hajui bao, anavuruga tu!"

Kwa faida ya wasiojua, wacha nieleze kidogo. Bao lina mashimo 32, safu nne za manane manane. Kila mchezaji ana safu mbili, ya mbele na ya nyuma, na kete 32. Anaanza na kete 10 ubaoni: 6 katika nyumba, yaani shimo la tano kutoka kushoto kwake katika safu ya mbele, na mbili mbili katika mashimo mawili yanayofuata upande wa kulia. Zile 22 zilizobaki huingizwa moja moja kila zamu. Hatua hii ndiyo kunamua. Zikiisha, mtaji unaanza.

Nyumba ina heshima yake. Wakati wa kunamua, mbio za kula zikiishia nyumbani, mwenyewe ana hiari: alale hapo, au azibebe kete zote asafiri nazo. Akisafiri mara moja tu, heshima imekwisha, na shimo hilo linakuwa kama mengine. Ndiyo maana mafunzo ya kawaida ni haya: linda nyumba, ineneshe, ije ikusaidie mbele. Sasa mtu anayeivunja mapema, tumhukumu vipi?

Swali la kwanza: mbinu yake inafanya kazi gani? Katika bao mpinzani hula kete za safu ya mbele tu. Za nyuma haziguswi. Nyumba nene iko mbele, hadharani. Mbio za mpinzani zikiishia katika shimo linaloikabili, na shimo hilo likiwa na kete tayari, nyumba nzima inachukuliwa mara moja. Sasa tuseme nyumba ina kete 10 na mwenyewe akasafiri kuelekea kulia. Tatu zinaanguka mbele na saba zinaingia nyuma. Kete saba zimetolewa hatarini! Basi hapo si kuvuruga. Ni kuhamisha mali kabla mwizi hajabisha hodi.

Swali la pili: njia ya kawaida ingeweza kufanya kazi hiyo hiyo kwa bei nafuu? Kama ungeweza kulila lile shimo linaloikabili nyumba ukabaki na nyumba yako, kusafiri ni hasara tupu. Kama ungeweza kuwatuma wengine wapigane huku nyumba imelala salama, vivyo hivyo.

Swali la tatu: gharama yake ni ipi? Aliyesafiri amepoteza ile hiari ya kulala nyumbani. Tena safu yake ya mbele imebaki na kete chache, na katika bao safu ya mbele ikiwa tupu, umeshindwa. Huwezi kujisifia kete zilizojificha nyuma huku mlangoni hakuna askari.

Hebu tutoke nje ya Isiolo kidogo. Kuna mchezo wa Pokémon, ambamo wachezaji hupambanisha viumbe vya kubuni. Mwaka 2014, katika mashindano ya dunia yaliyofanyika Washington, D.C., Se Jun Park wa Korea Kusini alikuja na Pachirisu, kijikindi cha umeme ambacho wengi walikiona dhaifu, hakifai kitu. Alitwaa ubingwa. Wengi walicheka kwa furaha wakasema ni maajabu. Lakini ukiuliza maswali yetu, maajabu yanapungua. Kazi ya Pachirisu ilikuwa kujivutia mapigo ili mwenzake apone. Kiumbe kilichozoeleka kwa kazi hiyo, Amoonguss, hutumia unga, na unga huo hauwashiki viumbe wa aina ya majani. Mwito wa Pachirisu huwashika hata hao. Zaidi ya hayo, pigo la umeme lilimponya badala ya kumuumiza, na kundini mwake alikuwemo Gyarados, ambaye umeme ni sumu yake kubwa. Alikuwa dhaifu, ndiyo, lakini kwa kazi ile moja, katika kundi lile, alifaa kuliko wenye nguvu.

Swali la nne ndilo gumu: je, mbinu inafanya kazi kwa mpinzani anayeijua? Bao halina dadu, kwa hiyo anayesema "ni bahati" hajasema kitu. Anachoweza kusema ni kwamba mpinzani alishtuka. Na mshtuko ni kama kiberiti, ukishawaka haurudi. Ushindi mmoja dhidi ya mtu aliyeshangaa si ushahidi. Kushindwa mara moja pia si ushahidi.

Hivyo ushauri wangu kwa kamati ni huu. Mwenye mbinu acheze michezo kumi na mpinzani mmoja aliyeambiwa kila kitu: mitano asafiri mapema, mitano alinde nyumba. Kila anaposafiri aeleze ni kwa nini zamu hiyo na si nyingine. Akiweza kueleza, na matokeo yakimuunga mkono, apewe nafasi, hata kama wakubwa wa Kidato cha Nne watanuna. Akisafiri kila mara bila kutazama ubao, hiyo si mbinu, ni mazoea tu, sawa na mazoea ya wale wanaomcheka.

Akili ni nywele, wenzangu, kila mtu ana zake. Lakini hata nywele huchanwa. Haya, tukutane baoni!