Lupita Nyong'o na Lugha Anayoisema Jukwaani

Makala haya yanaangazia safari ya kisanaa ya Lupita Nyong'o, mwigizaji wa jukwaani na wa filamu aliyelelewa Kenya na kuhamia Marekani. Yanaitazama safari hiyo kupitia jambo moja ambalo magazeti yetu hulipuuza yanapohesabu tuzo zake, nalo ni lugha. Swali lenyewe sikulibuni mimi. Liliulizwa na mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule moja hapa Voi, tulipokuwa katika mazoezi ya mchezo wa Kiswahili wa kupeleka kwenye tamasha za drama. Alisema: "Mwalimu, mtu akitaka kufika mbali na uigizaji, si itabidi Kiswahili akiache hapa hapa Voi?"

Wenzake walicheka. Mimi sikucheka, kwa kuwa sikuwa na jibu, na pia kwa kuwa mwaka uliotangulia mwamuzi mmoja alimpunguzia alama mwigizaji wetu kwa kile alichokiita athari za lugha ya mama. Kijana yule alikuwa akitamka Kiswahili kama kinavyotamkwa na watu waliolelewa katika Kidawida. Mhusika aliyemwigiza alikuwa mkulima wa Wundanyi. Sijui alitakiwa aseme kama nani.

Lupita alizaliwa tarehe 1 Machi 1983 katika jiji la Mexico, ambako baba yake, Profesa Peter Anyang' Nyong'o, alikuwa akifundisha. Familia ilirejea Kenya angali mtoto mchanga, naye akakulia katika mazingira ya Kidholuo, Kiingereza na Kiswahili. Alipokuwa na umri wa miaka 16 wazazi wake walimrudisha Mexico ili ajifunze Kihispania. Kabla ya hapo, akiwa na miaka 14, alikuwa tayari amepanda jukwaani Nairobi na kundi la Phoenix Players, akiigiza Juliet katika tamthilia ya Shakespeare. Ifahamike kwamba kundi hilo lilisifika kwa maigizo ya Kiingereza. Kwa hiyo mlango wake wa kwanza wa uigizaji wa kitaaluma haukuwa wa Kiswahili, na jambo hilo lilitokea Nairobi wala si ughaibuni. Tunapowalaumu waliohama kwa kuacha lugha, tukumbuke pia majumba ya maonyesho waliyoyaacha nyumbani.

Baada ya masomo ya filamu na maigizo katika Chuo cha Hampshire, Marekani, alirejea Kenya kufanya kazi. Mwaka 2009 alitoa In My Genes, filamu ya hali halisi aliyoiongoza mwenyewe kuhusu maisha ya watu wenye ualbino nchini Kenya. Mwaka huo huo akaonekana katika Shuga, tamthilia ya televisheni iliyopigwa Nairobi kuhusu vijana na virusi vya Ukimwi. Kisha akaenda shule ya drama ya Chuo Kikuu cha Yale, akahitimu shahada ya uzamili mwaka 2012.

Hapa ndipo suala la lugha linapokuwa zito. Katika mfululizo wa vipindi vya sauti aliouanzisha mwaka 2024 kwa jina Mind Your Own, Lupita amesimulia jinsi alivyoamua, akiwa Yale, kuiacha lafudhi yake ya Kenya na kuzoea ya Kimarekani ili apate kazi. Halikuwa jambo la mzaha. Lafudhi huishi kinywani, na anayeibadilisha mchana kutwa huenda asiipate tena usiku anapotaka kuzungumza na mama yake. Anasema kwamba baadaye, wakati wa kuitangaza filamu ya 12 Years a Slave, alikata shauri kurejea lafudhi yake ya awali mbele ya wanahabari. Alitaka watu waone kwamba aliyecheza nafasi ile ni mwanamke kutoka Afrika, na kwamba lafudhi yake haikumzuia.

Filamu hiyo ya mwaka 2013, iliyoongozwa na Steve McQueen, ndiyo iliyomtambulisha duniani. Aliigiza Patsey, mtumwa katika shamba la pamba la Louisiana, na mwezi Machi 2014 akatunukiwa Oscar ya mwigizaji bora msaidizi wa kike. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa mwigizaji kutoka Kenya kupata tuzo hiyo. Mengi yamekwisha kuandikwa kuihusu. Sina haja ya kuyarudia.

Lililonivutia zaidi ni yaliyofuata. Alirudi jukwaani mwaka 2015 katika Eclipsed, tamthilia ya Danai Gurira, mwandishi aliyelelewa Zimbabwe, kuhusu wanawake walioshikwa mateka na kamanda wa waasi katika vita vya Liberia. Alipokuwa mwanafunzi wa Yale mwaka 2009, mchezo huo uliigizwa huko naye akawa mwigizaji wa akiba tu. Mwaka 2016 ulipofika Broadway, yeye ndiye aliyekuwa msichana yule, na akateuliwa kuwania tuzo ya Tony. Waigizaji wote watano, mwandishi na mwongozaji walikuwa wanawake weusi, jambo ambalo halikuwa limewahi kutokea Broadway. Mwaka huo huo akawa mama wa Kiganda katika Queen of Katwe. Mwaka 2018 akawa Nakia katika Black Panther, ambamo watu wa Wakanda husema Kixhosa. Msomaji ataona mtindo unaojitokeza. Kwa miaka mingi binti huyu wa Kenya aliazima ndimi za Waafrika wengine, yaani Kiingereza cha Liberia, lafudhi ya Kampala na Kixhosa cha Afrika Kusini. Kiswahili kilibaki nje ya pazia.

Kiliingia mwaka 2025. Mwongozaji Saheem Ali, aliyezaliwa Nairobi na ambaye amefahamiana na Lupita tangu ujana wao nchini Kenya, aliandaa Twelfth Night ya Shakespeare katika jumba la Delacorte, lisilo na paa, ndani ya bustani ya Central Park mjini New York. Jumba hilo lilikuwa likifunguliwa upya baada ya ukarabati, na maonyesho yake hayana kiingilio. Ali si mgeni wa kuchanganya lugha. Mwaka 2021 alimwongoza Lupita katika Romeo y Julieta, mchezo wa kusikilizwa uliochanganya Kiingereza na Kihispania, na mapema mwaka 2025 alikuwa amefikisha Broadway Buena Vista Social Club, mchezo wa muziki kuhusu wanamuziki wa Kuba, ambao nyimbo zake ziliachwa katika Kihispania. Katika Twelfth Night Lupita aliigiza Viola, na ndugu yake wa damu, Junior Nyong'o, akaigiza Sebastian, pacha wa Viola. Hapa na pale, pacha hao wawili wakasema Kiswahili.

Kwa wasioifahamu hadithi, chombo kinavunjika baharini na pacha wawili, mmoja wa kike na mmoja wa kiume, wanatupwa ufukweni mwa nchi ya kigeni, kila mmoja akidhani mwenzake amekufa maji. Viola anavaa mavazi ya kiume, anajiita Cesario, anakuwa mtumishi wa mtawala Orsino na kumpenda kimyakimya. Anapotumwa kumposea bwana wake bibi mmoja aitwaye Olivia, Olivia anampenda mjumbe badala ya mposaji.

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tuna Shakespeare wetu. Mwalimu Nyerere alitafsiri Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi, naye S. S. Mushi akatupa Makbeth na Tufani. Aidha, mwaka 2012 waigizaji kutoka Afrika Mashariki waliigiza The Merry Wives of Windsor kwa Kiswahili katika jumba la Globe, London. Twelfth Night haimo katika zile tafsiri nne. Nilipojaribu kutafsiri sehemu zake kwa ajili ya darasa langu la Voi, niligundua kwa nini mtafsiri angeiogopa. Mchezo mzima umejengwa juu ya viwakilishi vya Kiingereza vinavyotenga mume na mke. Wahusika husema kiwakilishi cha kiume, hadhira inajua ni wa kike, na kicheko kinatoka hapo. Kiswahili hakina mlango huo. "Anampenda" haitufahamishi ni nani mwanamume. Kiambishi a- kimekwisha kumvisha Viola vazi lake kabla hajavaa suruali. Mtafsiri atalazimika kuubeba ucheshi kwa njia nyingine, kwa kumfanya Orsino amwite mtumishi wake "kijana" na "bwana mdogo", huku Viola akitetemeka kila anapoitwa hivyo.

Kwa upande mwingine, mahali Kiingereza kinapodhoofika Kiswahili kina nguvu. Kamusi za zamani zinalo neno umbu, yaani ndugu wa kike kwa mwanamume, au ndugu wa kiume kwa mwanamke. Huwezi kuwa umbu wa mtu wa jinsia yako. Basi neno hilo moja, likitamkwa na Sebastian mbele ya kijana aliyevaa kama yeye, lingelivua vazi la Cesario pale pale. Linastahili kufufuliwa.

Wapo watakaosema kwamba Kiswahili cha Central Park kilikuwa pambo tu, kwa kuwa wengi wa waliokuwa wamekaa pale hawakukielewa. Hoja hiyo ina uzito, lakini nadhani inapotoka. Wahamiaji wawili wanaosemezana kwa lugha wasiyoijua wenyeji hawapambi chochote. Ndivyo wahamiaji wanavyoishi. Linalonishughulisha zaidi ni kwamba lugha iliyochaguliwa haikuwa Kidholuo cha baba na mama yao, bali Kiswahili, lugha ya taifa letu. Mwongozaji na waigizaji wale, wa asili mbalimbali, walikutana humo.

Nilimpelekea mwanafunzi wangu haya yote kama jibu, nikadhani nimemaliza. Wiki iliyofuata tulijaribu onyesho la mwisho, pale pacha wanapokutana na kuulizana maswali kuhusu marehemu baba yao ili kila mmoja ahakikishe kwamba haoni mzimu. Yeye alikuwa Viola. Mvulana aliyekuwa Sebastian alisimama katikati ya mazoezi akauliza: "Kama ni ndugu wa kutoka Werugha, na kila mmoja alidhani mwenzake amekufa, kweli wataulizana kwa Kiswahili?" Tukarudia. Walipofika kwenye jina la baba, Viola aliacha Kiswahili akauliza kwa Kidawida, na darasa likanyamaza. Nimeandika matini zote mbili daftarini. Bado hatujakubaliana ni ipi tutakayoipeleka mbele ya waamuzi.