Muswada wa Kitabu cha Picha Umekamilika: Pesa Iende Wapi Kwanza?

Mtu akimaliza kuandika hadithi ya watoto, haraka yake ya kwanza huwa ni kumtafuta mchoraji. Namsihi asubiri. Kabla ya uchapaji hakuna gharama inayoishinda ya michoro, na ukija kumpelekea mchapishaji, pesa hiyo huenda ikapotea bure, kwa sababu wachapishaji wengi huchagua mchoraji wao na kumlipa wenyewe. Amua kwanza kitabu kinapita njia gani.

Kazi ya kuanza nayo haigharimu kitu. Chukua karatasi 8 za A4, zikunje pamoja katikati, uzibane kwa pini. Umepata kijitabu cha kurasa 32, idadi iliyozoeleka kwa vitabu vya picha kwa kuwa karatasi kubwa ya mashine hukunjwa ikatoa kurasa 8 au 16 kwa mkupuo. Ukitoa kurasa za jina na hakimiliki, hadithi inabakiwa na kama 28. Gawa maneno yako humo. Aliyeandika “Bibi alikaa barazani, amevaa kanga ya njano, anachambua mchele” ataona kwamba baraza, kanga na mchele vyote ni vya mchoraji. Kinachobaki kwa mwandishi ni kile kisichochoreka: Bibi anasubiri simu ya mwanawe. Muswada wa maneno 1,200 unaweza kushuka hadi 400 kwa njia hii, na kila sentensi iliyobaki ikawa na kazi yake. Kisha wasomee watoto wasio wako, uangalie ni wapi wanaanza kuchezea viatu.

Baada ya hapo, kama una pesa kidogo tu, mlipe mhariri wa Kiswahili aliyezoea vitabu vya watoto. Kubadili sentensi leo ni kalamu tu. Kuibadili baada ya mchoro kukamilika ni kuchora upya.

Sasa njia zenyewe. Mchapishaji, kama Mkuki na Nyota au E&D Vision wa Dar es Salaam, East African Educational Publishers au Longhorn wa Nairobi, akiukubali muswada hubeba uhariri, michoro, uchapaji na usambazaji. Wewe unalipa muda: majibu huchukua miezi, na kitabu kinaweza kuchukua mwaka au zaidi. Mrabaha wa asilimia 10 ni wa kawaida, ila soma ni asilimia 10 ya nini. Kitabu cha shilingi 8,000 za Tanzania kinakupa 800 kama hesabu ni ya bei ya dukani. Kama ni ya kile anachopokea mchapishaji baada ya kumkatia muuza duka asilimia 40, unapata 480. Maneno mawili ya mkataba yamekwisha kukupunguzia asilimia 40. Na anayejiita mchapishaji huku anakutaka ulipie gharama zote, huyo anakuuzia huduma. Mlinganishe na kiwanda cha uchapaji, na mwombe mchanganuo wa kila kipengele.

Kwa anayejichapishia mwenyewe, hesabu iko kwenye idadi ya nakala. Mashine ya dijitali haina maandalizi makubwa, kwa hiyo nakala ya kwanza na ya mia bei yake haipishani sana. Ofseti hutengenezewa pleti nne za rangi kwa kila upande wa karatasi kubwa. Gharama hiyo haipungui hata ukichapa nakala kumi. Tuchukue mfano wa hesabu tu: dijitali shilingi 7,000 kwa nakala, ofseti maandalizi 1,200,000, kisha 2,200 kwa nakala. Nakala 100 za dijitali ni 700,000, za ofseti 1,420,000. Zinakutana kwenye nakala 250. Zikifika 1,000, dijitali ni milioni 7 na ofseti milioni 3.4.

Ongeza michoro ya 1,500,000. Ukichapa 250 kwa dijitali, kila nakala imekugharimu 13,000, na duka likichukua asilimia 40, lazima bei ifike kama 21,670 ndipo urudishe pesa yako. Ni wazazi wachache watakaotoa kiasi hicho kwa kitabu cha kubanwa kwa pini. Ukichapa 1,000 kwa ofseti, nakala ni 4,900 na bei ya dukani inaweza kuwa chini ya 9,000. Lakini hizo 1,000 zitalala kwako hadi uziuze. Mimi ningemshauri mwandishi asiye na shule, kanisa, madrasa au chama kilichokwisha kuagiza, asiguse ofseti. Mwenye oda za kuaminika asipoteze pesa kwenye dijitali. Kwa Kenya, kumbuka pia VAT ya asilimia 16 kwenye vitabu.

Mchoraji akiingia, makubaliano yawe kwenye maandishi: idadi ya michoro pamoja na jalada, marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, malipo kwa awamu, na haki ya kuitumia michoro katika matoleo yajayo na lugha nyingine. Dai mafaili yenye ubora wa dpi 300, milimita 3 za ziada pembeni kwa ajili ya kukatwa, na maneno yasichorwe juu ya picha. Kipengele hicho cha mwisho husahaulika sana. Bila hicho, ukitaka toleo la Kiingereza baadaye, utalazimika kulipia michoro upya.

Amazon KDP, njia nyingine ya kujichapishia, huchapa nakala mteja anaponunua, kwa hiyo huhitaji stoo. Inawafaa walio na wasomaji Ulaya na Amerika Kaskazini, wazazi wanaolea watoto wa Kiswahili mbali na nyumbani. Wengi hutoa vitabu vya lugha mbili. Hakikisha kwanza lugha ya kitabu chako inakubaliwa. Tangu Juni 2025, kitabu cha karatasi kilicho chini ya dola 9.99 hukupa asilimia 50 ya bei, kisha gharama ya kuchapa inatolewa. Kuanzia hapo na kupanda ni asilimia 60. Mkazi wa Tanzania au Kenya hukatwa pia kodi ya asilimia 30 kwenye mrabaha wa mauzo ya Marekani, maana hakuna mkataba wa kodi kati ya nchi hizi na Marekani.

Tovuti za hadithi za African Storybook na StoryWeaver ni bure kabisa na hufika mbali, lakini leseni yao ya wazi haifutiki, na mchapishaji wa biashara hatavutiwa tena na hadithi hiyo. Tena, kabla ya kuiweka huko, soma masharti ya Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, maana huenda isipokee kazi iliyokwisha kutolewa.

Anayelenga shule aulizie ithibati ya Taasisi hiyo, au ya KICD, taasisi ya mitaala, kwa Kenya, kabla ya kupanga kurasa. ISBN inatolewa na Bodi ya Huduma za Maktaba kwa Tanzania, na Huduma ya Maktaba ya Taifa kwa Kenya. Hakimiliki ni yako tangu ulipoandika. Kusajili COSOTA (Tanzania Bara), COSOZA (Zanzibar) au KECOBO (Kenya) kunakupa ushahidi ukigombana na mtu. Na ukisaini na mchapishaji, weka kipengele kwamba kitabu kikiisha sokoni na kisichapwe tena ndani ya miaka 2, haki zote zinarudi kwako.